Levo ikiipita hadithi: kasi ya simulizi katika gemu za mtandaoni za wachezaji wengi

Ndugu msomaji,

Umeeleza kwamba timu yenu ya watu saba inatengeneza gemu ya kuigiza wahusika inayochezwa mtandaoni na watu wengi kwa pamoja, na kwamba wewe ndiye mwandishi wake. Hadithi kuu ina misheni 64, yaani kazi anazopewa mchezaji, kuanzia levo ya 1 (ngazi ya nguvu ya mhusika wake) hadi ya 40. Wajaribu wanasema mwanzo unawavuta, lakini kati ya levo ya 12 na ya 20 wengi wanaacha. Anayefuata hadithi kuu peke yake anazuiwa kwa kuwa levo yake haitoshi. Anayefanya kila kitu anafika levo ya 20 huku hadithi ikiwa bado ya levo ya 17. Wakicheza kwa kikundi, hakuna anayesoma mazungumzo. Mfadhili wenu anataka ama maneno yakatwe nusu, ama muweke sauti za waigizaji. Unauliza uchague lipi.

Kwa sasa usichague lolote. Dalili ulizozitaja hazisababishwi na wingi wa maneno. Mwandishi wa riwaya anatawala saa moja tu, yaani mwendo mmoja wa wakati: ule wa hadithi. Gemu ya mtandaoni ina saa nne zinazokwenda kwa pamoja: ya hadithi, ya levo, ya wenzake mchezaji walio kikundini, na ya matoleo mapya. Katika hizo nne ni ya kwanza tu iliyo mikononi mwako. Kila tukio ulilolifunga kwenye saa isiyo yako litachelewa, au litawahi, au litatokea mhusika wake akiwa hayupo. Kazi iliyo mbele yako ni kuyatafuta matukio hayo na kuyafungua.

Pima kabla hujakata

Mwombe mwandaaji wa programu aweke katika kumbukumbu za seva (kompyuta inayoendesha gemu) nyakati nne kwa kila misheni ya hadithi kuu: mchezaji alipoipokea, alipofika mahali pa tukio, alipokamilisha lengo, na alipoirudisha kwa aliyempa. Aongeze na muda ambao kila kisanduku cha mazungumzo kilikaa wazi, pamoja na idadi ya maneno yaliyomo.

Takwimu za wachezaji thelathini zinatosha kuanzia. Usitumie wastani, kwa sababu mmoja akiacha gemu wazi akaenda kulala, hesabu yote inaharibika. Panga nyakati zao kutoka fupi hadi ndefu, kisha chukua iliyo katikati. Gawa muda wa kila misheni mafungu matatu: kusafiri, kutenda, kusoma. Misheni ambayo safari imekula zaidi ya nusu ya muda itilie shaka, hasa kama njia ni ileile ambayo mchezaji amekwisha kuipita. Ukiona tatu za namna hiyo zikifuatana, umeshapata mojawapo ya sehemu ambako watu wanaondoka.

Upande wa kusoma, tafuta mifumo miwili tofauti, maana tiba zake hazifanani. Wa kwanza: kisanduku cha kwanza kinasomwa, cha tatu na cha nne vinafungwa kwa sekunde moja moja. Hapo tatizo ni urefu wa mazungumzo hayo, na kweli utakata. Wa pili: hadi misheni fulani watu wanasoma, halafu kuanzia hapo hawasomi tena chochote, kifupi wala kirefu. Hapo umepoteza imani yao. Wamegundua kwamba mshale wa ramani unawaambia pa kwenda, orodha iliyo pembeni mwa skrini inawaambia cha kuua, na hakuna neno la mhusika yeyote lililowahi kubadilisha walichofanya. Kukata nusu ya maneno hakutawarudisha, kwa kuwa nusu iliyobaki nayo haina kazi.

Kwa mfumo huo wa pili, rudi misheni tano nyuma ya pale walipoacha kusoma. Mara nyingi utakuta mhusika aliyeahidi jambo halikutokea, au chaguo mbili za majibu zilizoishia sentensi ileile. Tengeneza hapo kwanza. Misheni moja ambayo aliyesoma anajua mlango upi ni wa hatari, na asiyesoma anaingia mtegoni, hufundisha watu kusoma kuliko onyo lolote. Ila adhabu ya mtego iwe ndogo, dakika mbili au tatu za kurudi nyuma, la sivyo watatafuta jibu mtandaoni badala ya kusoma.

Saa ya levo

Hapa ndipo penye ugonjwa wenu mkubwa, kwa sababu malalamiko yote mawili uliyoyataja, la kuzuiwa na la kupitiliza, yanatoka kwenye jedwali moja la pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mchezaji levo. Chukua mfano wa hesabu. Tuseme kutoka levo ya 12 hadi ya 20 zinahitajika pointi 80,000, yaani 10,000 kwa kila levo. Misheni kuu za sehemu hiyo ni 13, kila moja ikitoa 3,500: jumla 45,500. Maadui wanaouawa njiani wanatoa kama 12,000. Anayefuata hadithi kuu pekee anapata 57,500, na anapungukiwa na 22,500. Hadithi inamwambia mji utaanguka usiku huu. Mfumo unamwambia akatafute levo mbili na ushei kwanza. Ataamini mfumo, na kuanzia hapo hatari zote za hadithi yako zitakuwa maneno matupu kwake.

Sasa tazama misheni za pembeni za eneo hilohilo. Tuseme ni 30, kila moja pointi 1,800: jumla 54,000. Anayefanya zote anafikisha 111,500, amepitiliza kwa levo tatu. Anafika kwa adui mkuu ambaye umemjenga kwa saa nane, anampiga mara mbili, adui amekufa. Mwandishi amefanya kazi yake sawasawa katika hali zote mbili, na hadithi imekufa katika hali zote mbili.

Dawa ni kupandisha njia kuu na kushusha pembeni. Mpe kila misheni kuu pointi 5,300: mara 13 ni 68,900, ongeza 12,000 za maadui, unapata 80,900. Njia kuu sasa inajitosheleza. Misheni za pembeni zishuke hadi pointi 400: zote 30 ni 12,000, kwa hiyo anayefanya kila kitu anapitiliza kwa levo moja tu na kidogo, na adui mkuu bado atampa kazi. Thamani uliyoiondoa kwenye pointi irudishe kwa njia nyingine: silaha, sarafu, vazi, njia ya mkato katika ramani, au siri kuhusu mhusika wa hadithi kuu. Gemu ya RuneScape, iliyoanza mwaka 2001, imeishi kwa mtindo huo. Misheni zake nyingi ni hadithi kamili zenye mwisho wake, na zawadi mara nyingi ni kufunguliwa eneo, kifaa au uwezo usiopatikana kwingine. Watu wanazifanya bila kusukumwa.

Kampuni kubwa nazo zimefika hapo kwa kuchelewa. Star Wars: The Old Republic ilitoka Desemba 2011 ikiwa na hadithi nane, moja kwa kila aina ya mhusika, zote zimeigizwa kwa sauti. Lakini ili kupanda levo mchezaji alilazimika kufanya lundo la misheni za pembeni katika kila sayari, na uzi wa hadithi yake ukawa unakatika kila baada ya saa chache. Oktoba 2015, pamoja na nyongeza (sehemu mpya kubwa ya gemu) ya Knights of the Fallen Empire, hesabu ilibadilishwa ili hadithi ya mhusika pamoja na hadithi kuu ya sayari zitoshe kumpandisha mtu.

Utashauriwa pia kufanya maadui wote walingane na levo ya mchezaji popote anapokwenda. The Elder Scrolls Online ilifanya hivyo Oktoba 2016 kwa sasisho lililoitwa One Tamriel, na ramani nzima ikafunguka kwa marafiki wa levo tofauti. Faida yake ni kubwa, na gharama zake ni mbili. Ya kwanza, mchezaji hasikii tena kwamba amekuwa na nguvu, kwa sababu mbwa mwitu wa mwanzo naye amekua pamoja naye. Ya pili inakuhusu wewe moja kwa moja: watu wanaweza kwenda popote, kwa hiyo watakutana na sura ya tisa kabla ya ya pili. Kwa timu ndogo ningependekeza njia ya kati. Kila eneo liwe na upana wa levo tano au sita; aliyezidi ashushwe hadi kilele cha eneo, aliyepungua asipandishwe. Mabosi (maadui wakuu) wa hadithi kuu peke yao walingane na mchezaji kikamilifu, ili mapambano uliyoyaandika kuwa magumu yawe magumu kweli.

Jambo moja zaidi kuhusu saa hii, nalo ni la uandishi mtupu. Usiandike dharura katika dunia iliyo wazi. Mchezaji aliyeambiwa mfalme anakufa, kisha akavua samaki wiki nzima na kumkuta mfalme angali anakata roho, hatakuamini tena. Dharura iweke ndani ya sehemu zilizofungwa tu, zile ambazo mchezaji akiingia hawezi kutangatanga, za dakika 15 hadi 25. Nje ya hapo mvute kwa swali lisilojibiwa: nani alifungua lango, kwa nini kaburi halina mwili. Swali halichakai mtu akienda kuvua samaki.

Wenzake kikundini

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalozitenga gemu hizi na hadithi za aina nyingine zote. Fikiria kikundi cha wanne. Mmoja anaingia kwa mara ya kwanza pangoni, yaani sehemu iliyofungwa ambamo kikundi hupigana hadi kwa adui mkuu. Watatu wamelipita mara nyingi, wanataka zawadi na kutoka. Wa kwanza anahitaji dakika sita za kusikiliza. Kwa watatu, kila sekunde ya kusubiri ni kero.

Final Fantasy XIV, iliyozinduliwa upya mwaka 2013, imelipitia tatizo hili hatua kwa hatua mbele ya macho ya wote. Hadithi yake ya kwanza iliishia katika mapango mawili ya watu wanane, Castrum Meridianum na The Praetorium, yenye maonyesho marefu ya hadithi (vipande vya kutazama tu, bila kucheza) katikati ya mapambano. Mwanzoni kila mtu aliweza kuyaruka. Wazoefu waliruka na kukimbilia mbele, na mgeni aliyetazama onyesho hadi mwisho alitoka akikuta bosi ameshakufa. Alikuwa amekosa kilele cha hadithi aliyoifuata kwa wiki kadhaa. Baadaye maonyesho yakazuiwa kurukwa. Mgeni akalindwa, lakini wazoefu wakawa wanakaa kitako wakisubiri, na zawadi kubwa zikatumika kuwashawishi warudi. Mwishowe, katika sasisho la 6.1 la Aprili 2022, mapango hayo yalijengwa upya kwa watu wanne, pambano la mwisho na Ultima Weapon likatengwa kuwa sehemu inayojitegemea, na mchezaji akaruhusiwa kuingia pamoja na wahusika wanaoendeshwa na kompyuta asipotaka watu.

Angalia walichojaribu kwanza: kitufe cha kuruka, kukiwasha na kukizima. Kitufe hicho hakiwezi kuponya jambo hili, kwa kuwa onyesho lenyewe limewekwa mahali pasipofaa. Pango lolote linalorudiwa lisiwe na onyesho ndani yake. Onyesho refu liwe kabla ya kuingia na baada ya kutoka, pale ambapo kila mtu yuko na skrini yake na hakuna anayemsubiri. Ndani ya pango acha tu yale yanayosikika watu wakitembea au wakipigana: mistari isiyozidi maneno 12, na sekunde nane angalau kati ya mstari na mstari. Usiweke habari mpya ya lazima wakati bosi anapiga pigo kubwa, maana macho yote yako sakafuni yakikwepa. Ikiwa ni lazima adui aseme jambo zito, aliseme afya yake ikifika nusu, asimame, asipigike kwa sekunde sita. Sekunde sita hizo mzoefu atazivumilia, kwani atazitumia kujiponya na kupanga.

Kwa mazungumzo ya kikundi nje ya pango, kuna mbinu moja ya kuiga kutoka Star Wars: The Old Republic. Kila mwanakikundi anachagua jibu lake, bahati nasibu inaamua nani atasikika, na mazungumzo yanaendelea. Watu hukaa makini kwa sababu hawajui nani atasema. Udhaifu wake ni yule anayechelewa kuchagua, kwa hiyo weka kikomo cha sekunde 20, na akipitiliza achaguliwe jibu la kati. Hakikisha pia kwamba matokeo ya muda mrefu yanamfuata kila mtu kwa alichochagua mwenyewe, asibebeshwe uamuzi wa mwingine.

Sasa mbinu itakayokuvutia kuliko zote na kukugharimu kuliko zote: kuonyesha dunia tofauti kwa wachezaji waliofika hatua tofauti. World of Warcraft iliitumia kwa wingi katika nyongeza ya Wrath of the Lich King, Novemba 2008, na kwa anayecheza peke yake inapendeza sana. Kijiji ulichokikomboa kinabaki kimekombolewa. Lakini marafiki wawili wakitofautiana hatua moja, wanasimama mahali pamoja bila kuonana. The Elder Scrolls Online ilianza na kasoro hiyohiyo mwaka 2014. Mtu aliyeingia mtandaoni ili acheze na rafiki yake, akaambiwa na gemu kwamba rafiki hayupo, hatakumbuka uzuri wa kijiji chako.

Kwa hiyo weka mipaka. Katika dunia ya wazi, kinachobadilika kwa mtu mmoja kiwe kidogo: mhusika mmoja aliyehama, mlango uliofunguliwa, barua ukutani. Mabadiliko makubwa, kama mji kuungua, yatokee ndani ya sehemu iliyofungwa. Mwambie mwandaaji wa programu ahifadhi maendeleo kwa kila mchezaji, kamwe yasihifadhiwe kwa kikundi. Ndani ya sehemu iliyofungwa, hali inayoonekana iwe ya kiongozi wa kikundi. Mwanakikundi aliye hatua hiyohiyo ahesabiwe amekamilisha. Aliyetangulia apewe zawadi ya msaidizi. Aliye nyuma aulizwe kabla ya kuingia kama anakubali kuona mambo ya mbele, na maendeleo yake yabaki palepale alipokuwa. Swali hilo moja kabla ya mlango huzuia malalamiko mengi sana.

Mbadala wa bei nafuu ni hadithi ya mahali badala ya hadithi ya mtu. Guild Wars 2, iliyotoka Agosti 2012, ilijaza ramani zake matukio yanayoanza yenyewe, yanayokua kadiri watu wanavyoongezeka, na ambayo yeyote aliye karibu anashiriki bila kupokea misheni wala kujiunga na kikundi. Hakuna hatua za kulinganisha, kwa hiyo hakuna wa kumsubiri. Kinachopotea ni uzito wa mambo: daraja mliloliokoa litavamiwa tena baada ya muda. Matukio ya aina hii yatumie kwa mambo ambayo kwa asili hujirudia, kama uvamizi wa wanyama, msafara unaohitaji kusindikizwa au mafuriko. Usiyatumie kwa kifo cha mtu mwenye jina.

Kuhusu mchezaji kuitwa mteule pekee wa unabii huku wateule elfu wamesimama sokoni: epuka tu. Mfanye mmoja wa kikosi, mpe sifa kwa aliyoyatenda, na wahusika wamtaje kwa matendo hayo. Gharama yake ni mistari michache iliyofungwa kwenye alama za maendeleo, yaani rekodi ya aliyoyakamilisha mchezaji.

Nini cha kukata

Ukishapima na kurekebisha jedwali, sasa kata, lakini si kwa asilimia. Tumia jaribio hili: ondoa misheni nzima, kisha soma kisanduku cha kwanza cha misheni inayofuata. Kama kinaeleweka bila kubadilisha neno, misheni uliyoiondoa ilikuwa ya kujaza nafasi. Final Fantasy XIV ilipunguza idadi ya misheni za hadithi yake ya mwanzo katika sasisho la 5.3, Agosti 2020, miaka saba baada ya kuzinduliwa upya. Nyinyi mna bahati ya kufanya hivyo kabla ya kutoka. Katika 13 zenu za levo ya 12 hadi ya 20, sitashangaa tatu au nne zikianguka. Zikianguka, gawa pointi zake kwa zilizobaki, vinginevyo utalifungua tena pengo ulilolifunga.

Misheni zinazosalimika zipitie kwa mambo matatu. Idadi ya maadui: baada ya adui wa nne wa aina ileile hakuna jipya la kujifunza, kwa hiyo wanne wanatosha, na kama unahitaji muda zaidi, mbadilishe wa tano awe na silaha tofauti au atoroke. Kurudi kwa mtoa misheni: acha mchezaji akamilishe papo hapo pale ambapo mazungumzo ya kurudi hayaongezi kitu, na umrudishe tu kama uso wa mhusika una sababu ya kuonekana. Kisanduku cha kwanza: maneno 40 yasizidi, yenye nani anataka nini, kutoka kwa nani, na kitu gani kitapotea asipokipata. Historia ya ufalme iweke nyuma ya swali ambalo mchezaji atalibofya mwenyewe. Wanaopenda historia watalibofya, na hao ni wasomaji wako waaminifu kuliko wote; usiwanyang'anye.

Sauti za waigizaji zisubiri. Macho husoma haraka kuliko kinywa kinavyosema, kwa hiyo wengi watamaliza maandishi na kufunga kisanduku sentensi ikiwa katikati. Na mstari uliorekodiwa haubadiliki bila kumrudisha mwigizaji studio, wakati wewe bado utabadilisha mistari mingi. Kama mfadhili anasisitiza, rekodini salamu, miguno na mistari mifupi ya mapangoni, kisha maonyesho matatu au manne makubwa ambayo hayatabadilika tena.

Matoleo mapya

Hili bado hamjalifikia, lakini uamuzi wake unafanywa sasa. World of Warcraft ilipotoa Cataclysm, Desemba 2010, iliandika upya mabara yake ya zamani kwa wakati mpya wa hadithi, huku maeneo ya nyongeza mbili zilizotangulia yakibaki katika wakati wake wa awali. Mhusika mpya alianza baada ya maafa, akarudi nyuma miaka katika levo za kati, kisha akaruka mbele tena. Mwaka 2020, na Shadowlands, levo ya 120 iligeuzwa kuwa ya 50, kilele kipya kikawa 60, na mchezaji akaweza kupandia levo zake katika nyongeza moja aliyoichagua. Guild Wars 2 nayo ilitoa msimu wa kwanza wa hadithi yake endelevu kuanzia mwaka 2013 kama matukio ya kupita, na aliyejiunga baadaye alikuta wahusika wakiomboleza mambo asiyoyajua. Msimu huo ulirudishwa kuwa wa kudumu mwaka 2022.

Kwenu ninyi: lipe kila eneo mwaka wake ndani ya hadithi, andika katika jedwali moja, na misheni mpya isimtaje mhusika ambaye mchezaji anaweza kuwa hajakutana naye bila kuangalia alama ya maendeleo kwanza. Kila toleo lifunge swali moja na kufungua moja, maana kati ya toleo na toleo kuna miezi, na aliyeachwa katikati ya tukio husahau lilianzaje. Anayerudi baada ya siku 14 au zaidi aonyeshwe muhtasari wa maneno 80: alikuwa wapi, anamtafuta nani, na kwa nini. Andika muhtasari huo kwa kila misheni ya tano tangu sasa. Ukishindwa kuueleza kwa maneno 80, hadithi yenyewe imejikunja mno mahali hapo.

Kwa mpangilio wa kazi, anza na kumbukumbu za seva, kisha jedwali la pointi, kwa kuwa yote mawili hayahitaji kuandika upya hata mstari mmoja na yatabadilisha picha unayoiona. Hamisha maonyesho kutoka mapangoni baada ya hapo. Kata mwishoni. Na jaribio linalofuata lifanywe na watu ambao hawajawahi kuigusa gemu hii. Wajaribu wa sasa wameshaijua hadithi, hawatasoma hata ukiiandika kwa dhahabu, na takwimu zao za kusoma zitakudanganya.